Fundi stima anayejiajiri Nairobi: yanayosemwa mjengoni na yalivyo kweli

Kijana akishashika pleyasi mjengoni kwa muda, akajua kupitisha konduti, kuvuta nyaya na kufunga soketi bila kusimamiwa, huanza kuambiwa na kila mtu: toka ujitegemee. Ushauri huo ni mzuri. Nairobi haijaacha kujengwa, na hakuna ghorofa linalokamilika bila fundi stima. Shida ni kwamba ushauri huja pamoja na imani za kibarua, mtu anayeuza nguvu zake kwa siku. Anayejiajiri huuza dhamana: kwamba umeme atakaouacha ukutani hautamdhuru mtu baada ya yeye kwenda zake.

"Leseni ni ya kampuni kubwa"

Imani hii ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka anayefanya kazi ya kufunga umeme awe ameidhinishwa, na mwenye jukumu hilo ni EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na petroli. Kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni cheti cha fundi, kinachokutambua wewe na ujuzi wako. Nyingine ni leseni ya kontrakta, inayokuruhusu kuchukua kazi kwa jina la biashara yako. Zote zimepangwa kwa madaraja, na la kuanzia ni C-2, la umeme wa fezi moja, ambao ndio ulio katika nyumba nyingi za kawaida. Sola ina leseni zake kando, kwa hiyo usidhani C-2 inakupa ruhusa ya kupanda juu ya paa na paneli.

Utasikia mtu akisema amefanya kazi miaka mingi bila leseni na hajaulizwa. Yawezekana, kama kazi yake ni kubadilisha swichi na balbu. Lakini nyumba mpya haiunganishwi stima mpaka Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ipate cheti cha kukamilika kwa kazi, chenye sahihi ya aliyeidhinishwa. Asiye na leseni huishia kununua sahihi ya mwenzake, na mwenzake hutia kalamu bila hata kuiona nyumba. Sijui tabia mbaya zaidi ya hii katika ufundi wetu. Mwenye sahihi amedhamini nyaya asizozijua, na wewe uliyezivuta umelipia kufichwa. Moto ukitokea, familia iliyolala humo haina wa kumuuliza.

Aliyejifunzia mjengoni bila kukaa darasani hajafungiwa mlango. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi ya Gredi ya III, ya II na ya I, na mtu hupimwa kwa kazi ya mikono pamoja na nadharia. Anayetaka masomo kamili anaweza kuyapata katika vyuo kama Kabete National Polytechnic. Cheti ulichopata ndicho unachoambatanisha na ombi lako kwa EPRA, linalopelekwa mtandaoni. Anza safari hiyo ungali umeajiriwa, maana ukishatoka, kila siku ya kufuatilia karatasi ni siku isiyo na mapato.

"Taa ikiwaka, kazi imekwisha"

Taa huhitaji nyaya mbili tu ili iwake, laini inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Ule wa tatu, wa eathi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, unaweza kuwa umekatika ndani ya boksi, au haukufikishwa kamwe kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini, na bado taa ikawaka vizuri kwa miaka.

Tazama shawa za umeme katika nyumba za kupanga za Pipeline, Umoja au Roysambu. Shawa ya kilowati 5 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 21. Mtu akiiunganisha kwenye waya wa milimita mraba 2.5 wa soketi, pamoja na birika na pasi, breka, swichi inayojikata mzigo ukizidi, itaanguka kila asubuhi. Mpangaji analalamika, keateka, yaani msimamizi wa jengo, anamwita fundi wa karibu, naye anaweka breka kubwa zaidi. Malalamiko yamekwisha, ila sasa waya ndio unaopata moto, ndani ya ukuta usikoonekana. Shawa inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, wa milimita mraba 6, breka inayolingana nao, eathi iliyopimwa, na RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme mara unapoanza kuvuja, kabla haujamuua aliyesimama majini.

Kupima ndiko kunakomaliza kazi. Unahakikisha eathi haikukatika kutoka soketi ya mwisho hadi kwenye bodi. Unapima insulesheni, ganda linalouzuia umeme usitoke kwenye waya, kwa volti 500, na isome angalau megaomu 1. Unahakikisha swichi inakata laini, wala si nyutro, kwa sababu swichi inayokata nyutro huzima taa na kuacha holda ikiwa na umeme. Unabonyeza kitufe cha RCD uone kama inaanguka. Bisibisi ya testa haiwezi kukuambia mengi ya haya. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza: pesa ya kwanza iende kwenye mita ya kupimia insulesheni. Drili kubwa unaweza kuikodi.

"Shusha bei upate wateja"

Tuseme ulikuwa ukilipwa shilingi 1,500 kwa siku, na sasa mteja wa Kayole anataka kufungiwa shawa. Unamtajia 1,500 zilezile. Jumatatu unaenda kuangalia. Jumanne unashuka tauni, Luthuli au River Road, kutafuta waya na breka. Jumatano unafunga. Wiki inayofuata anapiga simu kwamba maji hayapati moto, unarudi, unakuta ni presha ya tangi. Nauli imekula mia kadhaa, na siku nne zimeguswa na malipo ya siku moja. Bei ya anayejiajiri hubeba siku zote hizo, uchakavu wa vifaa, leseni, na zile wiki ambazo simu hailii.

Kinachowaokoa wengi ni kutenganisha leba na vifaa kwenye karatasi, kipengele kwa kipengele, kabla ya kugusa ukuta. Ukitaja jumla moja, mteja huibana, na wewe hujibu kwa kununua waya duni. Siku hizi kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Na kamisheni ya mwenye duka isikuchagulie waya.

"KRA ni shida ya wenye maduka"

Mauzo yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasipopita milioni 25, KRA, mamlaka ya mapato, inadai kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023. Milioni 1 ni kama 83,000 kwa mwezi, kiasi ambacho roli chache za waya hukifikisha haraka zikipitia kwenye namba yako ya M-Pesa. Mwache mteja alilipe duka moja kwa moja, wewe ulipwe leba. Ukiwa chini ya kiwango hicho bado unatakiwa kuwasilisha ritani kufikia Juni 30. Na ukitaka kazi za ofisi, jiandae kutoa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo huwaletea shida katika hesabu zao za kodi.

"Huyu ni mdogo wangu tu, ananisaidia"

Ukimlipa, wewe ni mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inataka awe na bima. Akianguka ngazini kwenye kazi uliyoichukua wewe, gharama ya hospitali itakutafuta wewe.

"Mteja akiomba mita iguswe, msaidie"

Usiguse. Mita na sili yake ni mali ya Kenya Power, na kuichezea ni kosa la jinai. Mpaka wako unaanzia upande wa nyumba.

"Wateja wote wako mtandaoni"

Picha za kazi safi husaidia, lakini nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina keateka, na yeye ndiye anayepigiwa simu breka ikianguka usiku. Kazi moja iliyofanywa vizuri hukufikisha kwenye majengo mengine ya landilodi yuleyule. Kwa hiyo ukimaliza, andika kwenye mlango wa bodi kila breka inalinda nini, tarehe uliyopima, jina lako, namba ya leseni na namba ya simu, kwa wino usiofutika.