Deni la Hadithi za Kisayansi: Zilikotoka na Zinavyogawanyika

Kila ninapoanza somo la hadithi za kisayansi huwauliza wanafunzi maana yake kabla hawajafungua kitabu. Majibu hufanana: ni hadithi yenye roboti, ni hadithi ya anga za juu, ni hadithi ya siku zijazo. Yote yana ukweli ndani yake na hakuna hata moja linalotosha. Roboti unaweza kumtia katika ngano ya sungura na fisi, na ngano ikabaki ngano. Siku zijazo nazo si sharti, kwani hadithi nyingi za utanzu huu hutokea leo au jana.

Maana ninayoishika ni hii: mwandishi anabadilisha kitu kimoja katika ulimwengu tunaoujua, kisha anakubali kulipa gharama ya badiliko hilo. Mhakiki Darko Suvin alikipa kitu hicho kipya jina la Kilatini, novum. Mimi naona neno deni linawafaa zaidi wanafunzi wangu. Katika ngano, mchawi akigeuka ndege hadaiwi maelezo. Katika hadithi ya kisayansi anadaiwa: mabawa yamebeba uzito gani, na majirani walifanya nini walipomwona?

Ukishika hilo, historia yake inasomeka vizuri. Karne ya 2, Lucian wa Samosata aliandika juu ya watu waliochukuliwa na upepo hadi mwezini wakakuta vita kati ya mfalme wa Mwezi na mfalme wa Jua. Lakini alitangaza mapema kwamba anachosimulia ni uongo mtupu, na hakudaiwa kitu. Linganisha na Johannes Kepler, yuleyule wa kanuni za mwendo wa sayari. Safari yake ya mwezini ilichapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Wasafiri wake wanabebwa na mapepo. Ukiishia hapo utaiita hekaya. Sasa soma kwa makini: kabla ya kuondoka wanapewa dawa ya kulevya ili mshtuko wa safari usiwadhuru, na puani wanawekewa sifongo zilizoloweshwa kwa sababu huko juu hewa ni haba. Pepo awezaye kumbeba mtu hadi mwezini hashindwi kumpa pumzi. Ila Kepler hakujiruhusu njia hiyo rahisi. Kwangu mimi, sifongo zile ndizo mbegu ya utanzu wote.

Mbegu ilichipua kwa Mary Shelley. Mwaka 1816 kiangazi hakikuonekana Ulaya kwa sababu mlima Tambora, uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia, ulikuwa umechafua anga. Msichana huyo wa miaka 18, akiwa amefungiwa na mvua karibu na ziwa la Geneva pamoja na wenzake, alianza kutunga hadithi ya kutisha. Kitabu hicho, Frankenstein, kilitoka mwaka 1818 bila jina lake. (Frankenstein, mkumbuke, ni jina la muumbaji. Kiumbe hakupewa jina.) Nawashauri wanafunzi wasome sura za ujana wa Victor Frankenstein, muumbaji huyo, bila kuziruka. Anaanza kwa kuwapenda waandishi wa kale wa alkemia, elimu ya kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu. Anafika chuo kikuu, profesa anamdhihaki kwa kupoteza miaka yake, ndipo anageukia kemia. Utanzu unabadilika mbele ya macho yako, kutoka uganga hadi maabara, katika kurasa chache. Namna kiumbe alivyopewa uhai haielezwi hata kidogo. Deni la Shelley linalipwa mahali pengine: umemleta kiumbe duniani, unamwacha peke yake, atakuwaje?

Hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipoanzia, na mimi huamini vijitanzu vingi vimezaliwa na ugomvi huo: mwandishi anaidai sayansi kiasi gani, na sayansi inamdai yeye kiasi gani? Mwaka 1865 Jules Verne aliwarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga uliojengwa Florida. Mwaka 1901 H. G. Wells aliwapeleka wake kwa kutumia kitu cha kubuni kinachozuia mvutano wa Dunia. Verne hakupendezwa. Yeye, alisema, ametumia baruti, kitu kilichopo; mwenzake anazua madini yasiyopo, basi ayaonyeshe.

Darasani huwa tunamkagua Verne kwa kalamu na karatasi. Mzinga wake una urefu wa futi 900, takriban mita 274. Risasi inatoka mdomoni ikikimbia karibu kilomita 11 kwa sekunde. Gawanya mraba wa mwendo huo kwa urefu wa mzinga mara mbili: mchapuko, yaani kasi ya kuongezeka kwa mwendo, unazidi mara 20,000 ule wa mvutano wa Dunia. Mtu wa kilo 60 angelemewa na uzito sawa na tani 1,200. Verne aliliona tatizo, akaweka maji chini ya sakafu yapunguze mshtuko. Maji hayo yasingemwokoa mtu yeyote. Hata hivyo namheshimu kwa kuyaweka, kwa kuwa ni sifongo za Kepler zimerudi.

Huo ndio upande unaoshika sayansi kwa ukali, na hesabu zake lazima zikaguliwe. Upande wa Wells unakodoa macho kwa jamii. Mashine yake ya wakati ya mwaka 1895 haielezwi kwa undani, lakini ikifika mwaka 802,701 inakuta binadamu wamegawanyika aina mbili, wapole wa juu ya ardhi na wafanyakazi wa chini wanaowala. Pengo la matajiri na maskini limeachwa likomae mpaka likawa la kibayolojia. Kwa maoni yangu hakuna aliyelipa deni kamili kuliko Wells katika kitabu kile chembamba.

Neno roboti lenyewe lina historia inayofaa kujulikana. Lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920; nduguye Josef ndiye aliyelipendekeza, kutoka neno la Kicheki linalomaanisha kazi ya kushurutishwa. Roboti wa Čapek si vyuma. Ni viumbe wa nyama iliyotengenezwa kiwandani. Tangu mwanzo, basi, roboti alikuwa swali kuhusu utumwa.

Majarida ya Marekani ndiyo yaliyoupa utanzu jina na wasomaji. Hugo Gernsback alianzisha la kwanza la aina yake Aprili 1926. John W. Campbell, aliyehariri jarida jingine kuanzia mwaka 1937, alidai waandishi wake waijue sayansi yao. Machi 1944 alichapisha hadithi ya Cleve Cartmill iliyoeleza bomu la atomu kwa ukaribu uliowashtua maofisa wa usalama, wakaja kuuliza siri imevujia wapi. Haikuwa imevuja popote. Ilitokana na machapisho ya kisayansi yaliyokuwa wazi kwa kila mtu. Sambamba na hayo kulikuwa na visa vya meli za anga na mapigano ya nyota, ambavyo mwaka 1941 vilibandikwa jina la opera ya anga. Lilikuwa tusi. Leo ni jina la kijitanzu chenye heshima.

Distopia (jamii ya kubuni iliyoharibika), historia mbadala, hadithi za baada ya kiama: hizi mwanafunzi huzitambua upesi, sitakawia nazo. Utopia, hadithi ya jamii bora ya kubuni, inastahili neno moja, kwa sababu wengi hudhani imepitwa na wakati. Mwaka 1905 Begum Rokeya, Mwislamu wa Bengal, aliandika juu ya nchi ambako wanawake wanasayansi wamenasa joto la jua na maji ya mawingu, na wanaume ndio wanaokaa ndani. Na kwa Kiswahili tuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo kinachopaa, naye anajikuta katika nchi yenye haki. Litenganishe jina hilo: wale ni sisi.

Miaka ya 1960 sayansi za jamii ziliingia kwa nguvu. Ursula K. Le Guin, mwaka 1969, alibuni sayari ambayo watu wake hawana jinsia ya kudumu. Kiingereza kilimlazimu achague kiwakilishi, akachagua cha kiume, na wahakiki wakamshika hapo kwa miaka mingi. Kiswahili kisingembana hivyo. "Alikuja", "amelala", "yeye" havisemi kama ni mume au mke. Ningependa sana kuona mwandishi wetu akianzia hapo, mahali Le Guin alipokwama.

Saibapanki ilifuata miaka ya 1980, na William Gibson, mwaka 1984, akawa jina lake kubwa: kompyuta za hali ya juu mikononi mwa watu wa hali ya chini. Stimpanki, yenye mitambo ya mvuke, ilipata jina lake mwaka 1987.

Swali la mwisho ninalowapa wanafunzi linamhusu Octavia Butler. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, mwanamke Mweusi wa mwaka 1976 anavutwa tena na tena hadi Maryland ya enzi za utumwa. Hakuna mashine, hakuna kanuni, na Butler mwenyewe alikataa kukiita cha kisayansi kwa sababu sayansi haimo. Nawaomba waamue kama alikosea, wakitumia tukio moja: safari ya mwisho ya kurudi nyumbani, mkono wa mhusika unabaki umenasa ukutani, na unakatikia hapo ambapo mmiliki wa watumwa alikuwa ameushika.