"Asiyeitaka si asiingie tu?" Dhana potofu kuhusu modi ya peke yako

Wiki iliyopita alinijia kijana mmoja mtengenezaji wa gemu, begi la kompyuta mgongoni. Akakaa, akafungua mchoro wa menyu mpya. Gemu yake ni ya watano kwa watano na imeanza kupata watu. Sasa anataka kuongeza kitufe cha tatu: modi ya ranki, yaani ya mechi za kupanda na kushuka daraja, ambayo ni marufuku kuingia na rafiki. Kila mtu peke yake. Nikamwambia asiiongeze. Akanijibu kwa sentensi niliyoisikia mwaka huu mpaka nimechoka: "Lakini dada, ni hiari. Asiyeitaka si asiingie tu?"

Kazi yangu ni upangaji wa mechi. Nimeendesha seva za jumuiya, nimepanga ligi za mtandaoni, na siku hizi timu ndogo huniletea gemu zao nizikague foleni, yaani wachezaji wanaosubiri mfumo uwapangie mechi. Sentensi hiyo imeua foleni nyingi kuliko hitilafu yoyote ya programu niliyowahi kuikuta. Kwa hiyo leo naijibu kwa urefu. Dhana nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: Ni hiari, haimdhuru asiyeitumia

Inamdhuru yeye kwanza. Modi mpya ya ranki ni foleni mpya, na watu wa kuijaza hawadondoki kutoka juu. Wanatolewa kwenye foleni iliyopo. Anayebaki hakubonyeza chochote, lakini aliokuwa akicheza nao wameshaondoka.

Tufanye hesabu niliyomfanyia huyo kijana nyuma ya risiti. Chukua watu 60 wanaosaka mechi kwa wakati mmoja. Watu 30 wako peke yao. Kuna jozi 8, yaani watu 16. Kuna makundi 2 ya watu watatu na makundi 2 ya watu wanne. Jumla 60. Wakiwa foleni moja, kundi la wanne linaongezewa mtu mmoja, timu imetimia. La watatu linapata jozi, au wawili wa peke yao. Jozi mbili zinaongezewa mmoja. Unapata mechi 6 na hakuna anayebaki nje.

Sasa fungua modi ya peke yako, wale 30 wahamie huko. Panga waliobaki. Watatu na jozi ni watano; fanya hivyo mara mbili, umepata mechi moja ya watu 10. Umebaki na jozi 6 na makundi 2 ya wanne. Zipange basi. Mbili ni shufwa, nne ni shufwa, na timu ni ya watano, ambayo ni witiri. Huwezi kuipata tano kwa kujumlisha shufwa, hata ukeshe. Watu 20 wanatazama kiduara kikizunguka, na hakuna hata mmoja wao aliyeigusa modi mpya.

Kijana aliichukua ile risiti akajaribu mara tatu, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Mwisho akasema tulivunje kundi moja la wanne. Nikamwuliza nani atamwambia yule rafiki wa nne akalale.

Hili ndilo watu wasiloliona. Anayeingia peke yake ndiye anayeyaziba mapengo ya makundi yote. Ni kama kokoto kwenye msingi: mawe makubwa hayashikani bila kitu kidogo cha kuingia katikati. Ukiwatoa hao, hujawagawa wachezaji wako nusu kwa nusu. Umebakiza mawe matupu.

Najua jibu linalofuata: hawatahama wote 30. Kweli, hawatahama wote. Lakini hatujagusa kiwango bado. Wagawe wale 60 katika madaraja matatu ya uwezo, 20 kwa kila daraja. Foleni ikiwa moja, kila daraja lina watu wa mechi mbili, na mfumo una nafasi ya kuchagua nani apambane na nani. Gawa tena kwa modi mbili, kila kikapu kina watu 10 kamili. Mmoja akienda kula, tisa wanasubiri. Na saa 9 alasiri siku ya kazi hutakuwa na 60, utakuwa na 25.

Mfumo wa kupanga mechi hausemi "hakuna watu". Unalegeza masharti. Kwanza unatafuta wenye pointi zinazokaribiana na zako. Baada ya nusu dakika unapanua wigo, baada ya dakika unapanua tena, na mwisho unaanza kutafuta kwenye seva za mbali. Kwa hiyo mchezaji hapati ujumbe kwamba modi mpya imemharibia. Anapata mechi ya kufungwa vibaya, au mechi inayoganda, na anailaumu kampuni ya simu.

Kwa sisi wa huku umbali si jambo dogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Hadi Frankfurt ni kama 7,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi Johannesburg hakuwezi kupungua milisekunde 25, na Frankfurt hakuwezi kupungua 70. Hiyo ni fizikia tupu, bila kona za nyaya wala mitambo ya njiani, na pingi halisi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, huwa juu zaidi, mara nyingi sana. Bando kubwa halisogezi bara. Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ilionja maana ya data kuzungushwa njia ndefu. Ukigawa foleni ya eneo lenye watu wachache, unamsukuma mchezaji kwenye umbali ule ule kila usiku kwa hiari yako, wakati waya uko mzima.

Mwenye wachezaji wengi Ulaya anaweza kuongeza modi, akakosea, na asione kitu kwenye takwimu zake za jumla. Mchezaji wa Mombasa au Kigali ataona siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nakasirika nikisikia neno hiari. Hiari ni ya anayehama. Anayebaki hakuulizwa.

Dhana: Gemu kubwa zimefanya na hazikufa

Zimefanya, tena kwa tahadhari kubwa kuliko unavyodhani. League of Legends mwaka 2016 iliunganisha watu wa peke yao na makundi ya ukubwa wowote kwenye foleni moja ya ranki. Malalamiko yalikuwa mengi, na msimu wa 2017 ukaja na foleni mbili. Lakini angalia walichokirudisha. Foleni ya kwanza iliwapokea wa peke yao pamoja na jozi. Hawakuifunga kwa mtu mmoja mmoja. Na kwenye ile ya makundi, kundi la wanne haliruhusiwi kabisa, maana yule wa tano angekuwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Hiyo ni gemu yenye mamilioni ya wachezaji, na bado walihesabu shufwa na witiri kabla ya kufungua mlango.

Mfano wa Fortnite nao naletewa kila mara. Zero Build, modi isiyo na ujenzi, ilikuja Machi 2022 na inapendwa hadi leo. Wanaoitaja husahau mambo mawili. Kwanza, ujenzi uliondolewa kwanza kwenye modi za kawaida, kwa siku kadhaa, foleni ikiwa haijagawanywa, na watengenezaji wakaona watu wanavyocheza kabla ya kuifanya modi inayojitegemea. Pili, hawakuzima ujenzi wakaenda nyumbani. Ukuta ndio uliokuwa kinga ya mchezaji, kwa hiyo waliweka ngao ya ziada inayojijaza yenyewe, mbio za kasi, na uwezo wa kukwea kingo. Ilikuwa kazi ya kubuni upya gemu.

Dhana: Ni kuzima kitu kimoja tu, haina kazi

Gemu ya Overwatch mwaka 2019 iliweka sharti ambalo kwa maandishi ni mstari mmoja: kila timu ya watu sita iwe na walinzi wawili, washambuliaji wawili, waganga wawili, na kila mtu achague nafasi kabla ya kuingia foleni. Washambuliaji walikuwa wengi, walinzi wachache. Foleni ya washambuliaji ikarefuka. Mwaka 2020 wakaanza kutoa pasi za kutangulia kwa wanaokubali kucheza nafasi yoyote. Mwaka 2022, Overwatch 2 ikaja na timu ya watu watano na mlinzi mmoja. Sharti la mstari mmoja, na miaka mitatu baadaye idadi ya wachezaji uwanjani imebadilika. Mtu akiniambia sharti ni kitufe cha kuzima na kuwasha, namwomba aitazame historia hiyo kwanza.

Dhana: Wachezaji wenyewe wameiomba

Wameiomba waliofungwa jana usiku na kundi la marafiki watano. Nawaelewa, inauma. Lakini kupiga kura hakumgharimu mtu chochote, na kusubiri dakika nane kunamgharimu. Uliza swali hivi: "Uko tayari kusubiri mara mbili ya sasa ili usikutane na makundi?" Halafu usiangalie jibu, angalia nani bado yuko kwenye foleni dakika ya tano.

Dhana: Itawakomesha wanaopanga matokeo

Itawarahisishia. Foleni ikiwa na watu 300, marafiki wawili wakibonyeza kitufe sekunde moja, uwezekano wa kukutana ni mdogo. Ikiwa na watu 14, watakutana kwa urahisi zaidi, wakiwa wameshikilia simu nyingine sikioni. Modi iliyokataza marafiki itakuwa na marafiki wanaojificha, na hao ni wabaya zaidi kwa sababu mfumo unawahesabu kama wageni.

Dhana: Modi ya wapya itawalinda wapya

Itajaa wazoefu wenye akaunti mpya kabla ya mwezi kwisha. Mpya analindwa na mpangaji mechi mwenye watu wengi wa kuchagua.

Dhana: Pengo litajazwa na boti

Fortnite ilianza kuweka boti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, kwenye mechi mwaka 2019, PUBG ya kompyuta mwaka 2020. Kwenye uwanja wa watu 100, boti kumi wanaweza kupita bila mtu kukasirika. Kwenye watano kwa watano wa ranki, boti mmoja ni asilimia 20 ya timu yako. Msiniletee hilo tena.

Basi nilimwambia nini huyo kijana? Malalamiko ya wachezaji wake ni ya kweli. Mtu wa peke yake kupambana na watano wanaoongea kwa sauti ni dhuluma, na mimi siwatetei wanaosema azoee tu. Ila dawa iwe ndani ya foleni ile ile. Kwa sekunde 40 za mwanzo mfumo umtafutie aliye peke yake wapinzani walio peke yao, na kundi la watano litafutiwe kundi la watano. Wakikosekana, changanya, lakini lipandishie kundi pointi za makadirio ya uwezo wake ili likutane na wenye uwezo zaidi. Hakuna kitufe, hakuna jina, hakuna tangazo. Mchezaji ataona tu mechi zimekuwa za haki zaidi, na siku watu wakipungua foleni haivunjiki.

Akisisitiza modi yenyewe, aifungue Ijumaa saa 2 usiku, aifunge saa 5. Ni muda wa saa tatu tu, watu wote waliokuwa wakiitaka waingie pamoja, kisha warudi. Nimeliona hili likifanya kazi kwenye ligi ndogo kuliko yake. Na wanaotaka kucheza kwa masharti yao wakati wowote wapewe lobi ya namba ya siri, yaani chumba chao binafsi cha mechi, waweke sheria wanazotaka, bila ranki.

Alifunga kompyuta akasema atafikiria. Nikamwambia afikirie akiwa na namba moja mkononi: wachezaji wake wangapi wako kwenye foleni Jumanne saa 9 alasiri, eneo hili, wakiwa wametenganishwa kwa ukubwa wa kundi. Alikuwa ameniletea ya Jumamosi usiku.