Mshtakiwa Apewe Ushahidi Lini?

Kesi imeitwa. Mshtakiwa, ambaye hana wakili, amesimama kizimbani. Kiongozi wa mashtaka anampa kurasa nne za taarifa za mashahidi: nakala zimefifia, na mwandiko wa afisa mpelelezi umebanana hadi ukingoni. "Uko tayari kuendelea?" hakimu anauliza. Akisema hapana, kesi itaahirishwa naye arudi rumande. Basi anasema yuko tayari.

Kwa sheria ya Kenya, hali hiyo haifai kutokea. Kifungu cha 50(2)(j) cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema kuhusu ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na kuufikia. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Cholmondeley kwamba upande wa mashtaka utoe kila kitu kinachohusu kesi, ila utetezi haulazimiki kufichua ushahidi wake. Wapo wanaoona huo ni upendeleo. Mimi sioni hivyo: polisi wana maabara, magari na mamlaka ya kupekua nyumba, mshtakiwa ana jamaa zake tu.

Desemba 2014, sheria ya usalama iliruhusu baadhi ya ushahidi uzuiwe hadi muda mfupi kabla ya kesi kusikizwa. Februari 2015, Mahakama Kuu ilikifuta kipengele hicho. Kulinda mashahidi ni hoja ya kweli, lakini sheria ya kuwalinda ipo tangu 2006.

Kinachobaki kurekebishwa ni neno "mapema". Katiba haikulitajia siku. Tunapendekeza muda maalum kabla ya tarehe ya kusikizwa, nakala bila malipo kwa asiyejiweza, na orodha ya kila kitu kilichomo katika faili ya polisi, hata kisichotumika. Hapo ndipo hufichika taarifa ya kwanza ya shahidi aliyesema hakumtambua mshambuliaji, au fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, isiyolingana na maelezo ya mlalamishi.

Ukishtakiwa leo, omba taarifa hizo siku unayosomewa mashtaka. Usipopewa, sema kabla shahidi wa kwanza hajaapa, na uombe hakimu aliandike ombi lako. Ukikata rufaa, jaji wa Mahakama Kuu atasoma rekodi hiyo.