Matokeo ya Januari hayathibitishi nani alistahili Desemba

Miami ilipofika fainali ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu Januari 2026 na kushindwa na Indiana, nilianza kuletewa tena hoja ya aina ambayo imenichosha kwa miaka mingi: kwamba safari ya Miami imethibitisha kuwa kamati ya uteuzi, inayochagua timu za kuwania ubingwa wa taifa baada ya msimu, ilitenda haki Desemba ilipoiingiza timu hiyo na kuiacha Notre Dame nje. Wanaosema hivyo ni walewale wanaosema kuwa Florida State haikustahili nafasi mwaka 2023 kwa sababu baadaye ilishindwa na Georgia kwa pointi 63 kwa 3. Kazi yangu ni kujenga mifumo ya hesabu inayopanga timu hizi kwa daraja, na ninasema wazi kwamba hoja hiyo ni mbovu hata pale inapoangukia upande ninaoukubali.

Uteuzi wa Miami niliukubali siku ileile ulipotangazwa. Timu zote mbili zilikuwa na rekodi ya 10–2, yaani kushinda michezo 10 na kupoteza miwili, Miami ilikuwa imeishinda Notre Dame 27–24 mwanzoni mwa msimu, na BYU iliyokaa kati yao katika orodha ya kamati ilishuka baada ya kushindwa na Texas Tech, hivyo hapakuwa tena na sababu ya kulipuuza pambano lao la ana kwa ana. Sababu hizo zilikuwepo mezani Jumapili ile, na zingebaki kuwa sababu nzuri hata kama Miami ingetolewa katika raundi ya kwanza. Nahodha aliyetweka tanga bila kutazama mbingu hasifiwi kwa busara eti kwa sababu alifika Pemba salama.

Kinachochanganywa hapa ni maswali mawili. Swali la kwanza ni timu gani imefanya makubwa zaidi katika michezo iliyokwisha kuchezwa. Swali la pili ni timu gani ina nafasi kubwa zaidi ya kushinda mchezo wa kesho. La kwanza linahusu rekodi, la pili linahusu nguvu. Masoko ya kamari hujibu la pili na hayana haja na la kwanza. Mwongozo wa kamati, kwa bahati mbaya, unayagusa yote mawili bila kuyatenganisha: unataja ubingwa wa ligi, ugumu wa ratiba, mapambano ya ana kwa ana na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja, kisha unaruhusu pia kuzingatia kukosekana kwa wachezaji au makocha muhimu.

Ni kifungu hicho cha mwisho kilichoigharimu Florida State. Kotabeki wake, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, aliumia tarehe 18 Novemba 2023 katika mchezo dhidi ya North Alabama. Baada ya hapo timu iliishinda Florida 24–15 ugenini, kisha ikaishinda Louisville 16–6 na kuchukua ubingwa wa ligi yake, ACC, ikamaliza ikiwa na ushindi 13 bila kupoteza hata mchezo mmoja. Hata hivyo iliwekwa ya tano katika mwaka ambao nafasi zilikuwa nne, ikawa bingwa wa kwanza wa ligi kubwa kuachwa nje bila kushindwa tangu mfumo wa timu nne uanze msimu wa 2014. Timu iliyocheza na Georgia wiki kadhaa baadaye haikuwa hata ile iliyoachwa, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa wamejiondoa kujiandaa kwa ligi ya kulipwa au kuhamia vyuo vingine. Kuutumia mchezo huo kama kipimo cha uteuzi ni kumpima mtu aliyekwisha kuondoka chumbani.

Tena kipimo hicho hakitumiki kwa usawa, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 2017 UCF ilimaliza msimu bila kushindwa, ikaachwa katika nafasi ya 12, kisha ikaishinda Auburn 34–27, Auburn ileile iliyokuwa imezishinda Alabama na Georgia, timu mbili zilizocheza fainali. Msimu wa 2008 Utah, nayo bila kushindwa, iliishinda Alabama 31–17. Katika visa hivyo tuliambiwa kwamba mchezo wa baada ya msimu hauthibitishi kitu, kwa sababu timu kubwa haikuwa na ari. Mwaka 2011, fainali ikiwa ya timu mbili tu zilizochaguliwa, Alabama ilipewa nafasi ya kurudiana na LSU iliyokuwa imeishinda 9–6 katika muda wa nyongeza, na iliposhinda fainali 21–0 tukaambiwa kwamba jambo limethibitishwa. Oklahoma State, iliyoachwa kwa tofauti ndogo mno, haikupata kucheza mchezo huo, na hakuna matokeo ya Alabama yanayoweza kutuambia ingefanya nini.

Rekodi inaweza kupimwa, na kipimo chake si kuhesabu tu michezo iliyopotea. Ninachofanya ni kuichukua timu nzuri ya kufikirika, kuipa ratiba ya timu ninayoichunguza, kisha kuuliza ingefikia rekodi hiyo au bora zaidi mara ngapi. Tuseme ratiba ya kwanza inaipa timu hiyo nafasi ya asilimia 85 ya kushinda kila mchezo. Basi itashinda yote 13 kwa takriban asilimia 12 tu ya majaribio. Tuseme ratiba ya pili ni ngumu zaidi na nafasi ni asilimia 75. Basi kupoteza mchezo mmoja au kutopoteza kabisa kutatokea takriban asilimia 13. Rekodi hizo mbili, 13–0 na 12–1, zina uzito unaokaribiana sana. Kwa hiyo sikubaliani na anayedhani kwamba kutoshindwa kunamaliza mjadala, wala na anayedhani kwamba ligi ngumu inafuta kila kosa.

Sasa nieleze udhaifu wa hesabu yenyewe, kwa sababu vitabu hupenda kuupita haraka. Ile 85 na ile 75 hazitoki angani. Zinatokana na makadirio ya nguvu ya wapinzani, na nguvu za ligi moja dhidi ya nyingine zinakadiriwa kutokana na michezo michache inayozikutanisha, mingi ikichezwa Septemba, wakati timu bado hazijaiva. Tuna timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza michezo 12 tu kabla ya fainali za ligi. Nikibadilisha uzito ninaoupa tofauti ya pointi, nafasi ya nne na ya sita zinaweza kubadilishana, na sina sababu ya kisayansi ya kuchagua uzito mmoja nikaacha mwingine. Waendeshaji wa BCS, mfumo wa zamani wa kuchagua timu za fainali kabla ya ule wa timu nne, waliziagiza kompyuta zao ziache kabisa tofauti ya pointi kuanzia msimu wa 2002, na kwa kufanya hivyo wakatupa taarifa nyingi za kweli. Aidha, nakiri kwamba matokeo ya Januari yana thamani fulani: yanaongeza ushahidi kuhusu nguvu ya ligi, kwa kiasi kidogo kile ambacho mchezo mmoja unaweza kuongeza.

Kuongeza nafasi hadi 12 kuanzia msimu wa 2024 hakukuondoa tatizo, kulilisogeza tu mpaka kwenye timu zenye rekodi zinazofanana zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba nani aingie kuamuliwe na rekodi peke yake, na makadirio ya nguvu, pamoja na habari za majeruhi, yatumike tu kupanga nani akutane na nani. Kanuni hiyo ina gharama, na ninaikubali. Mwaka 2023 ingeiingiza Florida State, na kwa kuwa Texas ilikuwa imeishinda Alabama 34–24 palepale Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, ni Alabama ambayo ningeiacha nje. Tungeukosa mchezo wa Michigan na Alabama uliokwisha 27–20 katika muda wa nyongeza, mmoja wa michezo mizuri kabisa ya msimu ule, na bado jina ambalo ningeliandika katika nafasi ya nne ni Florida State.