Mtoto Mwenye Jicho Kali Afanye Kazi Gani? Dhana Potofu na Ukweli

Ami yangu, hapa Mkomani mjini Lamu, alikuwa akishona kofia za vito, zile zinazotariziwa vitundu. Kwanza huchora nakshi kwa penseli, kisha hutunga kitundu kimoja kimoja mpaka mwisho wa duara ukutane na mwanzo wake, usione palipoungwa. Kofia moja ilimchukua miezi. Siku moja barazani nilimwona akifumua kazi ya siku tatu kwa ajili ya kitundu kimoja kilichopanda juu ya wenzake. Waliokuwepo walimcheka. Yeye akatia uzi upya.

Watoto wenye tabia hii bado tunao, na maneno tunayowaambia yananiuma.

“Huyu mzito, hataiweza kazi.”

Si uzito. Nendeni kijijini Matondoni mkamtazame fundi akikalafati jahazi: anasukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao, shimo kwa shimo, bila haraka. Akiruka upenyo mmoja tu, bahari itauona. Hakuna nahodha atakayemlaumu kwa kuchelewa.

“Basi akisoma, awe mhasibu.”

Uhasibu unamfaa, sikatai. Mhasibu mzoefu akikuta hesabu za pande mbili hazilingani, hujaribu kugawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika sawasawa, huenda mtu amegeuza tarakimu, mathalan kuandika 4,500 badala ya 5,400: tofauti ni 900. Ni kazi ya kupendeza kwa mwenye jicho hilo. Lakini kwa nini tumfungie mlango mmoja?

Chukueni maabara. Mtu ana homa, ametolewa tone la damu, limepakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu anaitazama kwa darubini inayokuza mara 1,000, akitafuta kijiduara chembamba chenye nukta, mfano wa pete yenye kijiwe. Hicho ndicho kimelea cha malaria. Kabla ya kuandika kwamba hakuna, anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya kioo hicho. Asiyestahimili ataishia kwenye la thelathini, na mgonjwa atarudi nyumbani na malaria yake. Mimi kazi hii naiheshimu kuliko nyingi zenye sifa kubwa mjini.

Kuna na mfamasia, ambaye nukta ikikaa mahali sipo dozi huweza kuzidi mara kumi. Kuna mpima ardhi, msahihishaji wa vitabu, mkalimani wa mahakamani, mhifadhi wa nyaraka, fundi wa injini za ndege. Na nakshi za milango yetu bado zinataka mikono.

“Kompyuta imeshazichukua kazi hizo.”

Kompyuta hukokotoa ilichopewa. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa kwenye sayari ya Mars, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa vipimo vya ratili, na upande wa pili ukavisoma kama vya metriki. Hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza mapema: hizi namba ni za kipimo gani?

“Ni kipaji, mtu huzaliwa nacho.”

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Hata madaktari wa upasuaji hawategemei kipaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti chumbani, yakiwemo jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, na hesabu ya sindano na vitambaa kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Jicho hufunzwa, tena kwa utaratibu.

Ami naye alikuwa na wake. Kila baada ya Laasiri aliigeuza kofia nje ndani akaanza kuhesabu upya, maana uzi uliokosewa huonekana zaidi kwa ndani. Nilimuuliza kwa nini asiamini hesabu ya jana. Akanipa kofia nihesabu mwenyewe. Nilipotea kwenye kitundu cha arubaini na kitu, akaniwekea kidole pale pa mwanzo, akasema, “Haya, moja.”