Povu la Darini Halina Mapafu

"Seli wazi linapumua, kwa hiyo mbao zako ziko salama." Sentensi hii sasa inaandikwa hadi kwenye hati za dhamana, na muhuri unagongwa juu yake. Inahusu povu la plastiki linalopulizwa upande wa ndani wa paa ili kuzuia joto, huko darini, yaani nafasi iliyo kati ya silingi na paa. Povu hilo ni la aina mbili: seli wazi, ambalo vinyweleo vyake vimeunganika, na seli funge, ambalo kila kinyweleo kimejifunga peke yake. Basi tulimalize leo.

Paa likishapuliziwa povu, na baada ya misimu miwili mitatu kenchi zikaanza kuloa, wenye nyumba hugawanyika. Kuna wanaosema povu lolote ni adui wa mbao. Kuna wanaosema mkosaji ni seli funge peke yake, na kwamba wangepuliza seli wazi yasingewapata. Wote wamekosea, ila hao wa pili ndio wanaonikera zaidi, maana kosa lao limevaa koti la kitaalamu.

Paa halipumui. Kinachotokea ni vitu viwili: hewa hupita au haipiti, na mvuke wa maji hupita au haupiti. Ni njia mbili tofauti, na povu linaweza kuziba moja likaacha nyingine wazi. Seli wazi, lile jepesi la kilo 8 hivi kwa mita ya ujazo, likipulizwa vizuri kwa unene wa milimita 140 linazuia hewa barabara. Mvuke linaupitisha karibu kama vile halipo. Seli funge, la kilo 30 hadi 35, linazuia vyote viwili. Milimita 50 zake zinatosha kuupunguza mvuke hadi kiasi kidogo sana.

Sasa jiulize: huo mvuke unaopita kwenye seli wazi unakwenda wapi? Muuzaji anajibu "unatoka nje". Mara nyingi hautoki. Hewa ya ndani yenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini yake. Upande wa pili wa povu kuna karatasi ya chini ya vigae, au mbao za kufunikia paa, na usiku wa baridi usio na mawingu uso huo hushuka hata chini ya joto la hewa ya nje, kwa sababu paa linatupa joto lake angani. Mvuke unalipenya povu, unafika kwenye uso huo, unageuka maji. Kabla ya povu, uso ulikuwa na baridi ileile, lakini upepo ulikuwa ukiingia kwenye matundu ya ukingo wa paa na kuukausha. Umeziba matundu. Kwa hiyo hilo povu "linalopumua" limeufungulia mvuke mlango na kuufungia nje upepo uliokuwa ukifuta maji. Kama huko ndiko kupumua, basi ni kuvuta pumzi bila kuitoa.

Kuna sehemu ya pili ambayo karibu hakuna anayeielezea, na ndiyo inayowachanganya mafundi wa paa. Jua likichomoza, mbao zilizonyonya maji usiku zinapata moto na kuyarudisha yakiwa mvuke, kupitia povu lilelile, hadi kwenye hewa ya darini. Hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto lilelile, kwa hiyo inapanda. Jioni imeshajikusanya chini ya kofia ya paa, pale juu kabisa miteremko inapokutana. Usiku mbao za juu zinanyonya tena, safari hii kutoka kwenye hewa yenye unyevu mwingi kuliko ya jana. Mchezo huo ukiendelea msimu mzima, mbao za karibu na kofia zinaoza huku zile za mita moja chini yake zikiwa kavu kabisa. Fundi akiitwa anaona uozo uko kwenye kofia, anasema kofia inavuja, anaibadilisha. Mwaka unaofuata anaibadilisha tena.

Mchezo huu hauhitaji baridi kali. Unatokea pia kwenye hali ya joto na unyevu, hasa nyumba ikiwa na kiyoyozi na silingi imezibwa vizuri kiasi kwamba hewa ya darini haichanganyiki na ya vyumbani. Dawa yake ni kuacha kuifanya dari kama chumba kisicho na mwenyewe. Ukishapuliza povu kwenye mteremko wa paa, dari imekuwa sehemu ya ndani ya nyumba. Ipe hewa iliyokaushwa. Marekani hutumia kipimo cha lita 25 hivi kwa sekunde kwa kila mita za mraba 100 za dari, na mashine ndogo ya kukausha hewa, ikiwekwa juu karibu na kofia na si sakafuni, inafanya kazi hiyohiyo. Kwenye baridi, seli wazi linahitaji kizuia mvuke upande wa ndani. Wengi hupaka rangi maalumu ya kuzuia mvuke juu ya povu. Mimi rangi hiyo siiamini sana: povu hilo lina mabonde na vilima, na unene ulioandikwa kwenye kopo ulipimwa kwenye ubao laini. Utando uliotandazwa na kufungwa kwa utepe kwenye viungo unatesa kuuweka, lakini angalau unaona ulipo na usipokuwepo.

Halafu kuna lile kosa la "tubakize na kizuia joto cha zamani, si joto litazidi kuzuiwa?" Sufi ya zamani ya kuzuia joto ikibaki juu ya silingi na povu likawekwa kwenye mteremko, dari inakuwa na baridi katikati ya vizuizi viwili, na mvuke wa vyumbani unaingia humo kupitia matundu ya taa na mfuniko wa kupandia darini. Joto haliingii, mvuke unaingia. Chagua mstari mmoja. Ukichagua mteremko, sufi itoke.

Seli funge nalo lisijione. Matatizo yake ni ya mkono zaidi kuliko ya fizikia. Povu hutengenezwa palepale kwa kemikali mbili: pipa A lenye isosianati na pipa B lenye mchanganyiko wa polioli huchanganywa nusu kwa nusu kwa ujazo, yakiwa yamepashwa moto hadi nyuzi 45 au 60 kufuatana na bidhaa. Mapipa yakiwa ya baridi, pampu ya upande mmoja inavuta hewa na uwiano unaharibika. A ikizidi, povu linakuwa gumu na linavunjika kama biskuti. B ikizidi, linakuwa laini, linanata, na linanuka samaki au rangi mbichi. Povu la namna hiyo halikauki baadaye. Halikauki kwa jua, halikauki kwa kufungua madirisha mwezi mzima. Linakatwa na kutolewa, na anayekwambia usubiri anasubiri dhamana iishe.

Jambo lingine ni tabaka. Seli funge nyingi hupulizwa milimita 50 kwa mkupuo mmoja, kisha linaachwa lipoe ndipo la pili lipigwe. Mpulizaji mwenye haraka anapiga 100 kwa mara moja. Joto la mmenyuko linakwama katikati, povu linaungua kwa ndani na kuwa la kahawia, na likishapoa linasinyaa na kujitenga na kenchi. Ufa wa milimita 3 kando ya kenchi unaonekana mdogo. Lakini hewa inayopita kwenye ufa hubeba mvuke mwingi kuliko ule unaojipenyeza kwenye povu zima lililouzunguka, na wote unamwagwa mahali pamoja. Kagua kwa kurunzi, ukimulika kwa pembe ya chini, ukifuata kila kenchi pande zote mbili. Kata kipande cha kupimia, cha sentimita 5 hivi, kwenye sehemu tatu au nne: rangi iwe moja, vinyweleo viwe vidogo na sawa, na kipande kiwe kimeshika mbao kiasi kwamba povu linapasuka kabla halijabanduka.

Kuhusu mita ya unyevu: ile ya pini fupi za milimita 10 ni ya bure hapa. Inapima povu. Tumia pini ndefu zilizofunikwa plastiki hadi karibu na ncha, ili kinachosomwa kiwe mbao na si njia yote ya kuelekea kwenye mbao. Pima karibu na kofia, pima ukingoni, pima upande usiopigwa na jua, na pima mwisho wa msimu wa baridi au wa unyevu. Kipimo cha mwisho wa kiangazi ni cha kumfurahisha mnunuzi. Mbao ya moto huifanya mita isome juu ya ukweli, kwa hiyo pima asubuhi. Chini ya asilimia 18, tulia. Kati ya 18 na 20, rudi baada ya mwezi. Juu ya 20 mara mbili mfululizo, toboa uone.

Wengine hujitetea kwa ripoti ya hesabu ya umande, yaani hesabu ya kama mvuke utageuka maji ndani ya paa, ile yenye mchoro wa mistari miwili isiyogusana. Hesabu hiyo ni sahihi kwa paa lililomo ndani yake: halina ufa, halivuji, mbao zake zilianza kavu, na jua halilichomi. Sijaona paa la namna hiyo likiwa juu ya nyumba. Nami naitumia, kwa sababu wakaguzi wanaitaka, lakini kwa paa la zamani naitazama kama cheti cha kuzaliwa: kinathibitisha ulizaliwa, hakisemi kama una homa.

Nikiri na jingine. "Seli wazi linaonyesha uvujaji, seli funge linauficha" ni maneno niliyowahi kuyaona yana mantiki. Nimeyaacha. Maji yakiingia juu ya seli wazi, sehemu yake hunyonywa kama sifongo na sehemu hufuata mteremko. Doa linatokea mbali, limechelewa, na kile kilichonyonywa kinabaki kimegusana na mbao. Kwenye seli funge maji hukimbia kwenye mwanya wowote ulioachwa na kuishia ukingoni. Kwa vyovyote, doa halikuonyeshi tundu. Na povu likiwa limepulizwa moja kwa moja mgongoni mwa vigae, mambo yanakuwa mabaya zaidi: papi, zile mbao nyembamba zinazoshika vigae, zimezikwa, kigae kimoja kikipasuka hakitoki bila kuvunja jirani zake, na maji yaliyoingia hayana pa kushukia. Kutumia povu kama gundi ya paa linalochoka ni kuficha deni. Paa kama hilo lilihitaji vigae vipya.

Haya mengine haraka. Povu hili huwaka. Penye watu au mitambo lifunikwe, kwa kawaida kwa jipsamu ya milimita 12.5 au rangi ya kinga iliyofanyiwa majaribio pamoja na povu hilohilo. Waya wa umeme uliozungukwa na povu pande zote kwa nusu mita au zaidi uhesabiwe kubeba nusu ya mkondo wake. Waya wa jiko na wa hita ya maji uhamishwe kabla, si baada. Hita ya gesi inayovuta hewa ya darini ipewe bomba lake la hewa ya nje. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, haisubiri fundi.

Uingereza kuna tatizo la juu ya hayo: wakopeshaji wengi wa mikopo ya nyumba hukataa au husitasita paa likiwa na povu, kwa kuwa mthamini hawezi kuziona mbao. Watu hulalamika kwamba povu lao ni zuri. Huenda ni zuri. Mthamini hana macho ya kupenya milimita 150. Kinachosaidia ni karatasi zilizoandaliwa kabla ya kupuliza: picha za kila kenchi zikiwa wazi, vipimo vya unyevu vya siku ile, jina na aina ya bidhaa, namba za mapipa, unene kwa kila sehemu, na hesabu ya mvuke ya paa hilo. Karatasi za baadaye hazina uzito huo.

Je, litolewe? Hapa sina jibu la mkato, na wanaouza huduma ya kutoa mara nyingine ni walewale waliokuwa wakiuza huduma ya kupuliza, wamebadilisha maandishi kwenye gari. Mbao zikisoma chini ya 18 kwa misimu miwili na hakuna harufu, kutoa kunaweza kuharibu zaidi kuliko kuacha. Zikiwa zimeloa, kata kwa msumeno mwembamba unaopinda, ukiacha milimita 5 hadi 10, kisha kwangua kwa mkono ukifuata nyuzi za mbao. Asetoni haiyeyushi povu lililokwisha kukauka. Inayeyusha bichi tu. Usitumie moto wala kisu cha moto, moshi wake una isosianati na sianidi. Vaa barakoa ya daraja la P3, ile ya kuchuja vumbi laini sana. Ukimaliza, fungua matundu ya ukingoni uliyoyaziba, acha mbao wazi, na pima kila wiki mahali palepale palipotiwa alama. Usifunike chochote mpaka upate vipimo vitatu mfululizo chini ya 18.