Leseni ya Mankato

Kazi yangu ni ndoa na mirathi. Haipiti wiki bila mtu kuniketia mbele ya meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni na kuniuliza: "Wakili, hii inatosha?" Mara nyingi ni mjane, na ndugu wa marehemu wameshabadilisha kitasa cha mlango. Labda ndiyo sababu kesi ya Jack Baker na Michael McConnell wa Minnesota, Marekani, hainitoki kichwani. Ni habari ya wanaume wawili waliopendana maisha yao yote, na ya karatasi moja ambayo hakuna aliyewahi kuifuta.

Walikutana mwaka 1966 kwenye sherehe huko Oklahoma, wote wakiwa na miaka 24. Machi 1967, siku Jack alipotimiza miaka 25, alimwomba Michael waishi pamoja. Michael alikubali kwa sharti moja: ipo siku wafunge ndoa, tena ndoa inayotambuliwa na sheria. Wakati huo hapakuwa na nchi hata moja duniani yenye ndoa ya namna hiyo, na karibu kila jimbo la Marekani liliyahesabu mapenzi yao kuwa jinai. Jack alilichukua sharti lile kwa uzito wote. Akaenda kusomea sheria, Chuo Kikuu cha Minnesota.

Alipoifungua sheria ya ndoa ya jimbo hilo, hakukuta mahali palipoandikwa kwamba wanaooana lazima wawe mwanamume na mwanamke. Mawakili wenzangu wa Tanzania watauona uzito wake mara moja: Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inatamka wazi kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Ya Minnesota ilikuwa kimya, na Jack akaishika hoja kwamba kisichokatazwa kimeruhusiwa. Tarehe 18 Mei 1970 wakaenda ofisi ya kaunti ya Hennepin, Minneapolis, kuomba leseni ya ndoa. Karani akawanyima, nao wakaenda mahakamani. Michael, ambaye ni mkutubi, alikuwa ameshaahidiwa kazi katika maktaba ya chuo kikuu kilekile. Ahadi ikafutwa. Alishtaki, akashinda mahakama ya kwanza, akashindwa kwenye rufaa.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kesi ya leseni ikiwa bado inapanda ngazi, Agosti 1971 Michael alimwasili Jack, yaani alimfanya mwanawe kisheria, mtu mzima akamwasili mtu mzima mwenzake. Kwa macho ya mtu wa mirathi nalielewa jambo hilo kabisa: mmoja akifariki, mwingine asitolewe nje kama mpangaji. Jack akapata pia jina jipya la kisheria, Pat Lyn McConnell, jina lisiloonyesha kama mtu ni mume au mke. Ombi likapelekwa Mankato, kaunti ya Blue Earth, na leseni ikatoka.

Tarehe 3 Septemba 1971, ndani ya nyumba ya kupanga Minneapolis, mchungaji Mmethodisti Roger Lynn akawafungisha ndoa. Walivaa suti nyeupe. Pete zao zilichongwa herufi kwa ustadi: ukiziweka pamoja zinasomeka kuwa Jack anampenda Mike, ukizibadilishana nafasi zinasomeka kuwa Mike anampenda Jack.

Wiki sita baadaye, 15 Oktoba, Mahakama ya Juu ya Minnesota ikawakatalia katika ile kesi ya Hennepin, ikisema ndoa ya mwanamume na mwanamke ni ya kale kama kitabu cha Mwanzo. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wamemchagua Jack kuwa rais wao, na mwaka uliofuata wakamrudisha. Kizazi kimoja kilikuwa kimeshafika mahali ambapo majaji hawakuwa wamefika.

Oktoba 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ikaitupa rufaa yao kwa sentensi moja: hapana swali la maana la sheria ya shirikisho. Zamani hizo rufaa ya aina ile mahakama hiyo haikuwa na hiari ya kuikwepa, kwa hiyo hata kuitupa kulihesabiwa kuwa uamuzi juu ya hoja yenyewe. Sentensi ile ikawa ukuta. Novemba 2014 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho bado iliitumia kuwakatalia wengine, na ulibomolewa tarehe 26 Juni 2015 tu, katika hukumu iliyofungua ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja nchi nzima.

Miaka yote hiyo walikuwa nyumba moja. Michael alifanya kazi katika maktaba za kaunti ya Hennepin, kaunti ileile iliyowanyima leseni, na Jack akawa wakili. Walipodai haki za mwenzi wa askari mstaafu, kwa kuwa Jack alitumikia jeshi la anga, walishindwa tena mwaka 1976. Mwaka 1977 bunge la jimbo likaliziba pengo la sheria. Mwaka 2012 rais wa chuo kikuu akamwomba Michael radhi. Mwaka uliofuata Minnesota yenyewe ikaruhusu ndoa hizo.

Ilibaki ya Mankato. Kaunti ilikuwa imegoma kuisajili, lakini usajili ni ushahidi wa ndoa, si ndoa yenyewe. Hata sheria yetu haiui ndoa iliyotimiza masharti kwa sababu tu haikuandikwa daftarini. Septemba 2018 jaji akatamka kwamba ndoa ya tarehe 3 Septemba 1971 haikuwahi kuvunjwa wala kubatilishwa na mahakama yoyote, na kwamba hapakuwa na sababu ya kuibatilisha. Akaamuru isajiliwe.

Mwaka 2019 ikaja barua ya hifadhi ya jamii: Michael anastahili mafao ya kila mwezi, kama mwenzi wa Jack. Walikuwa wanakaribia miaka 77.